Mfano wa Hundi

Nyuma ya kabati la mafaili ofisini kwangu imesimama hundi ya shilingi milioni mbili. Ni ya kadibodi, karibu urefu wa mlango, na jina la mshindi limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Magazeti yetu huita kitu hicho "mfano wa hundi", na sijapata kusikia jina linalosema ukweli kuliko hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa majaji waliompa ushindi kijana wa mwaka wa pili katika mashindano ya mawazo ya biashara chuoni. Alinadi programu ya simu ya kuwaunganisha wakulima na wanunuzi wa mjini. Alijieleza vizuri, slaidi zilipangika, mgeni rasmi akatabasamu, picha zikapigwa. Jioni akaja ofisini ameikumbatia kadibodi yake. Konda wa daladala alikuwa amekataa kumpandisha nayo.

"Mwalimu, naomba niiache hapa. Kesho nitaifuata."

Hakuifuata. Alirudi baada ya kuhitimu, akiniomba niwe mdhamini wake katika maombi ya kazi ya ofisa mikopo benki. Nilimwandikia barua nzuri. Habari za ile programu sikuuliza, naye hakuitaja.

Kauli mbiu ya zama hizi mnaijua: msitafute ajira, tengenezeni ajira. Hutamkwa kwenye mahafali, kwenye makongamano ya vijana na bungeni. Chuo kisicho na kituo atamizi cha kulea biashara changa siku hizi kinaonekana kama nyumba isiyo na choo. Kila chuo kina wiki ya ubunifu na somo la ujasiriamali ambalo hata anayesomea fasihi ya Kiswahili lazima alipite. Hoja iliyo nyuma yake ina sehemu tatu. Wahitimu ni wengi kila mwaka. Serikali haiwezi kuwaajiri wote na kampuni binafsi za kuwachukua ni chache. Kwa hiyo chuo kiwafundishe kujiajiri. Mbili za kwanza ni kweli tupu. Ya tatu imepenyezwa katikati ya zile mbili kama mtu asiye na tiketi, na ndiyo ninayotaka kuiteremsha.

Imebeba dhana kwamba kilichokosekana ni fikra za kijana. Kwamba uchumi uko tayari unamsubiri, ila yeye hana wazo, hana uthubutu, hajafundwa kujinadi kwa dakika tano. Tukishaikubali dhana hiyo, wengine wote tumepona. Aliyepaswa kujenga viwanda amepona, benki inayodai hati ya nyumba imepona, na chuo kilichotoa shahada isiyo na ujuzi kimepona. Mwenye kosa amebaki mmoja, naye ana umri wa miaka 23.

Tuanze na hekaya. Afrika Mashariki nzima kuna kisa kinachosimuliwa kwamba M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya, kisha wakubwa wakamwibia wazo lake. Nimekisikia kwenye basi, nimekisikia kwenye chumba cha walimu. Kinapendwa kwa sababu kinatuliza roho: wazo ndilo kila kitu, na wazo lilikuwa la mtoto wetu. Ukweli una ladha nyingine. Mradi ule ulisukumwa na watumishi wa Vodafone ya Uingereza, Nick Hughes na Susie Lonie, wakiwa na Safaricom, kwa fedha za kampuni na ruzuku ya serikali ya Uingereza. Walipoujaribu mwaka 2005, wazo lilikuwa mkopaji wa taasisi ya mikopo midogo alipe marejesho yake kwa simu. Wazo hilo halikuwa ndilo. Watu waliopewa simu za majaribio wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na kampuni ikawa na macho ya kuliona hilo, fedha za kubadili mwelekeo na mawakala wa kutosha kufika vijijini. Huduma ilizinduliwa Machi 2007 kwa shughuli tofauti na ile iliyokusudiwa. Wazo la mwanzo lingeletwa mbele yangu na majaji wenzangu, pengine tungelipa namba moja, na tungekuwa tumekosea.

Hekaya ya pili inatoka Marekani. Tunaambiwa tuige Stanford, kwa kuwa Google ilitoka pale. Ni kweli ilitoka pale, lakini ilitokea mlango gani? Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanafunzi wa uzamivu katika mradi wa utafiti wa maktaba za kidijitali, uliolipiwa na fedha za umma kupitia wakfu wa taifa wa sayansi wa nchi ile. Walikuwa wanahangaika na swali la kitaaluma: katika bahari ya kurasa, ipi ina uzito kuliko nyingine? Jibu likaja kwa hesabu. Kampuni ilifuata mwaka 1998, na chuo kilikuwa na hataza ya ugunduzi ule. Hisa zilizotokana nayo kikaja kuziuza mwaka 2005 kwa dola milioni 336. Miaka mingi kabla yao, Andy Bechtolsheim alibuni kompyuta palepale akiwa mwanafunzi, ikazaa kampuni ya Sun, ambayo jina lake ni kifupi cha mtandao wa chuo hicho. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuwaandikia akina Page hundi ya dola 100,000, na haikuwa mfano. Sisi tumeiga fulana na viti vya rangi. Maabara tumeiacha kulekule.

Halafu kuna suala la umri. Mwaka 2018 watafiti wa kiuchumi, Pierre Azoulay na wenzake, walipitia kumbukumbu za waanzilishi wa kampuni nchini Marekani, penye wingi wa hadithi za vijana walioacha chuo wakatajirika. Kwa kampuni zilizokua haraka kuliko zote, moja katika kila elfu, wastani wa umri wa mwanzilishi siku ya kuanza ulikuwa miaka 45. Mtu wa miaka 45 ameshafanya kazi kwa watu, amejua mteja analipa lini na anakwepa vipi, na ana namba ya simu ya mwenye mzigo wa bei nafuu.

Haya hayahitaji profesa wa Marekani. Nenda Kariakoo. Muulize mwenye duka la vyombo au la vitenge alifikaje pale. Wengi watakusimulia kisa kimoja kwa maneno tofauti: aliletwa mjini na mjomba au kaka, akafagia duka, akabeba mizigo, akalala juu ya marobota, akajifunza kumtambua mteja mwongo kwa namna anavyoshika bidhaa. Miaka mitatu, minne, hata saba. Siku moja mjomba akamkabidhi mzigo kwa mali kauli na kumsaidia kilemba cha fremu yake mwenyewe. Pale pana mafunzo, pana mtaji, pana mdhamini, na zaidi ya yote pana wateja ambao tayari wanamjua kwa sura. Hicho ndicho kituo atamizi kilichofanya kazi nchini mwetu kwa vizazi, na hakina cheti wala mgeni rasmi. Sisemi ni pepo. Vijana wengi hunyonywa humo, na mjomba mwingine siku ya kukabidhi mzigo hugeuka mgeni. Lakini anayetoka humo anatoka anajua biashara moja kwa undani, wakati kituo chetu kinamtoa kijana anayejua kuhusu biashara zote.

Sasa majaji, yaani mimi. Mwaka 2011 Nigeria ilianzisha mashindano makubwa ya mipango ya biashara kwa vijana, YouWiN. Washindi 1,200 walipata kwa wastani karibu dola 50,000 kila mmoja. Mwanauchumi David McKenzie aliwafuatilia, na sehemu ya washindi walikuwa wamepatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa waliofuzu nusu fainali, hivyo kulinganisha kukawa halali. Matokeo yalikuwa makubwa: biashara nyingi zaidi zilianza na kubaki hai, na uwezekano wa kuwa na wafanyakazi kumi au zaidi ulipanda kwa zaidi ya pointi 20 za asilimia. Watetezi wa vituo atamizi hupenda kuishia hapo. Lakini McKenzie na mwenzake waliuliza swali jingine: je, alama za majaji zilitabiri nani atafanikiwa? Karibu hazikutabiri chochote. Kilichobadili maisha ya vijana wale hakikuwa jicho la jaji. Zilikuwa dola 50,000.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka fomu yangu ya alama: ubunifu 20, uwasilishaji 20, athari kwa jamii 20, na kadhalika. Nilizijaza kwa makini sana. Kumbe ningerusha shilingi.

Msomaji makini ataniuliza kama basi tatizo ni fedha tu. Nalo si rahisi hivyo. Kaskazini mwa Uganda, makundi ya vijana yaligawiwa ruzuku za takriban dola 400 kwa kila mtu wajifunze na kuanza ufundi. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha wenzao wasiopata. Baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia. Fedha ilisukuma, kisha msukumo ukaisha.

Na mafunzo je? Nchini Uholanzi walipima programu ya chuo ambamo wanafunzi huendesha kampuni ndogo kwa mwaka mzima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba stadi zao hazikuongezeka na hamu yao ya kuwa wajasiriamali ilipungua. Pengine walionja ukweli, nalo si jambo baya. Togo, kwa upande mwingine, mafunzo ya kujituma yaliyojengwa juu ya saikolojia yaliongeza faida kwa asilimia 30, lakini wanafunzi wa Togo walikuwa watu wenye biashara tayari. Walifundishwa asubuhi, mchana wakarudi kwenye meza zao za kuuzia. Hata Uganda upo utafiti uliowaonyesha wanafunzi wa vyuo vikuu wakianzisha biashara zaidi ya wenzao baada ya mafunzo. Naukubali. Ila mafunzo yale yaliwataka waendeshe biashara yenyewe humohumo darasani, kwa pesa kidogo lakini halisi. Hawakuishia kwenye slaidi.

Nafasi ya mwisho wanayokimbilia watetezi ni hii: hata kampuni ikifa, kijana amejifunza kuthubutu. Neno hili "kuthubutu" limenichosha. Linahubiriwa na nani? Na wahadhiri wenye mshahara wa kila tarehe 25 na pensheni mbele yao, ambao wengi wetu hatujawahi kuuza hata karanga. Kuthubutu kuna bei, na bei hiyo hailingani kwa wote. Mtoto wa mwenye maghorofa Mbezi akianguka, anaangukia sebuleni kwa baba yake. Mtoto wa mama muuza vitumbua wa Tandale akianguka anamwangukia mama. Tena anaanza mbio akiwa na deni la Bodi ya Mikopo mgongoni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kulilipa. Aliyejiajiri hasamehewi kwa kuwa alithubutu. Tunamtuma kijana mwenye deni akabebe hatari ambayo benki yenye mabilioni imeikataa, kisha tunamwita mvivu anapoomba kazi ya ofisa mikopo. Huyu wangu, kwa kweli, alikuwa ameelewa uchumi kuliko majaji wake wote. Alikwenda upande wa meza wenye pesa.

Je, chuo basi kikae kimya? Hapana, na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Chuo kina vitu viwili ambavyo biashara changa inavihitaji kuliko semina, na vyote viwili tumevifungia kabatini.

Cha kwanza ni maarifa mazito. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000 kuna kazi ambayo ukiitaja kwa mara ya kwanza watu hucheka: panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Mbelgiji Bart Weetjens aliyekuwa na wazo hilo alianza nalo miaka ya tisini, akitokea kwenye mapenzi ya utotoni ya kufuga panya. Fikiria angekuja kulinadi kwa dakika tano ukumbini petu. Tungempa alama ya ubunifu, tungempa sifuri ya soko, na mgeni rasmi angebana pua. Chuo cha Sokoine hakikumpa kadibodi. Kilimpa mahali, wataalamu wanaojua wanyama, wanafunzi wa utafiti, na subira ya miaka. Shirika lake, APOPO, likapeleka panya Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana. Mmoja wa panya wa Morogoro, Magawa, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu ya ushujaa na shirika la Uingereza. Wenzake hunusa makohozi kubaini kifua kikuu. Si kampuni ya faida, najua. Lakini imeajiri watu, imeuza ujuzi wa Morogoro duniani, na imedumu kuliko programu zote za simu nilizowahi kuzipa alama.

Au mchukue Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio la maji linalochanganya mchanga na teknolojia ya nano na kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali, ikiwemo floraidi inayoharibu meno ya watu wa ukanda ule. Alikuwa mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, mwenye shahada ya uzamivu katika uhandisi wa kemikali aliyoipata Korea Kusini. Chujio lile halikutoka kwenye warsha ya siku tatu ya kuchangamsha bongo. Lilitoka kwa mtu aliyekunywa maji mabaya utotoni, kisha akasoma kemia mpaka mwisho wa barabara.

Linganisha na chuo ninachokijua vizuri, ambako mwaka uleule kituo atamizi kilipofunguliwa kikiwa na kiyoyozi na mashine ya kahawa, wanafunzi sita wa maabara ya kemia walikuwa wakigombea mizani moja, na vitendanishi vingine vilikuwa vimepitwa na tarehe. Hakuna aliyeona ajabu. Kituo kina mfadhili, na mfadhili anataka picha. Mizani haipigi picha vizuri.

Cha pili ambacho chuo kinacho ni mfuko. Chuo ni mnunuzi mkubwa. Kinanunua chakula, samani, usafi, uchapaji, majoho, mifumo ya kompyuta, maziwa ya chai ya vikao visivyokwisha. Sheria ya ununuzi wa umma nchini kwetu inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Kenya nao wana utaratibu kama huo tangu 2013. Sasa niambieni, katika vyuo vyenu, kampuni ngapi za wanafunzi zimewahi kukiuzia chuo chao kitu? Zile fulana za wiki ya ubunifu zilizoandikwa "Mimi ni Mtengeneza Ajira" zilishonwa na nani? Mimi niliuliza kwetu. Zilitoka kwa mzabuni wa mjini, aliyezitoa nje ya nchi, akachapa maandishi tu. Darasa la pili kutoka ukumbini walikuwapo vijana wenye kampuni ya uchapaji iliyosajiliwa BRELA, tena waliokuwa washiriki wa mashindano hayohayo. Waliwahi kuomba kazi, wakaambiwa walete hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Kampuni ilikuwa na miezi minane.

Mteja mmoja wa kweli anayelipa kwa wakati humfundisha kijana mambo ambayo muhula mzima wa ujasiriamali hauyafikii: namna ya kupanga bei, ubora unaorudishwa, risiti ya EFD, mfanyakazi anayetoroka na spana. Na benki inayomcheka mwenye slaidi haimcheki mwenye mkataba. Ndiyo maana nasema kama chuo kinaamini kweli vijana wake ni watengeneza ajira, kianze kwa kununua kwao, tena kiwalipe ndani ya siku 30, kwa sababu taasisi ya umma inayochelewesha malipo mwaka mzima huua kampuni changa haraka kuliko ushindani wowote. Kikishindwa hilo, kisiwaambie watu baki wawaamini.

Nasikia jibu: taratibu haziruhusu, wakaguzi watahoji, ubora hautabiriki. Huenda. Basi tukubali kwa sauti kwamba wanafunzi wetu hawako tayari kuuza fulana mia mbili kwa ofisi iliyo hatua hamsini kutoka bweni lao, na tuache kuwaambia wazazi siku ya mahafali kwamba wako tayari kubadili uchumi wa Afrika.

Wiki iliyopita mama anayesafisha korido yetu aliiona ile kadibodi nyuma ya kabati.

"Mwalimu, hili boksi bado una kazi nalo?"

Nikamuuliza la nini. Ana vifaranga 60 nyumbani, akasema, wamefika juzi, na anatafuta kitu kigumu cha kuwazungushia karibu na taa wasisambae wakapigwa baridi. Wakikua huuza mayai na kuku mtaani kwao. Kwa nini si kantini ya chuo, inayokaanga trei kwa trei kila asubuhi? Akacheka kama niliyeuliza jambo la kitoto. Kantini ina mzabuni wake.

Tuliikata vipande vitatu kwa kisu cha karatasi ili iingie kwenye daladala. Kipande chenye sahihi ya mgeni rasmi ndicho kilichokuwa kigumu zaidi, akasema hicho atakiweka upande wa mlango.